Umetua kwenye seva ipi? Utatuzi wa matatizo ya klasta ya PostgreSQL

Watu wakinipigia kuhusu klasta, yaani kundi la seva za hifadhidata zinazofanya kazi pamoja, neno la kwanza huwa "hifadhidata imekufa". Nikiingia, mara nyingi naikuta hai na ina nafasi ya kutosha kwenye diski. Kilichoharibika ni njia ya kuifikia: programu imeelekezwa kwenye seva isiyokubali kuandikiwa, au inang'ang'ania muunganisho wa seva iliyozimika nusu saa iliyopita, au imekwama kwenye foleni ambayo hakuna anayeitazama. Kwa hiyo kabla ya kuwasha upya kitu chochote, nakuomba ujiulize swali moja: umetua kwenye seva ipi?

Mpangilio ninaouzungumzia hapa umeenea sana. Kuna seva tatu za PostgreSQL, moja ikiwa kuu, inayopokea maandishi, na mbili replika, yaani nakala zake zinazosomwa tu. Kwenye kila seva kuna Patroni inayosimamia nani awe kiongozi, na etcd ndiyo inayotunza kufuli ya uongozi, yaani alama ya nani kiongozi kwa sasa. HAProxy ndiyo proksi, inaelekeza miunganisho. PgBouncer inashika hodhi ya miunganisho, yaani miunganisho michache iliyo wazi ambayo programu nyingi huiazima kwa zamu. Programu hupiga PgBouncer kwenye poti 6432, PgBouncer hupiga HAProxy (5000 ya kuandika, 5001 ya kusoma), na HAProxy hufikisha kwenye poti 5432 ya seva husika. Anayetumia MySQL na Galera atakuta majina tofauti, lakini dalili nyingi atazitambua.

Kipimo cha kwanza, kwa dalili yoyote

Pita njia ileile inayopitwa na programu, si njia ya mkato:

```
psql -h proksi -p 5000 -U mtumiaji -d duka \
  -c "SELECT inet_server_addr(), pg_is_in_recovery();"
```

Jibu la kwanza ni anwani ya seva uliyofikia. La pili likiwa `f` umefika seva kuu, likiwa `t` umefika replika. Rudia kwa poti 6432, kisha piga kila seva moja kwa moja kwenye 5432, na mwisho endesha `patronictl list` uone Patroni inamtambua nani kuwa kiongozi. Kazi hiyo ni ya dakika mbili. Majibu yakipingana, tayari umejua tatizo liko upande gani wa njia, na hutahangaika kuchimba mahali pasipo na kitu.

Dalili: "cannot execute INSERT in a read-only transaction"

Hii ndiyo naiona zaidi kuliko zote. Usiku mmoja kijana tuliyekuwa naye zamu alinipigia: "Kaka, nimempa mtumiaji ruhusa zote na bado anakataliwa." Alikuwa ameshapoteza saa moja na nusu kwenye ruhusa. Nikamwomba aendeshe swali la hapo juu mara sita mfululizo kupitia proksi. Mara mbili likajibu `f`, mara nne `t`. Hapo hakukuwa na haja ya kugusa ruhusa tena. Proksi ilikuwa inagawa maandishi kwa seva zote tatu kwa zamu, na seva kuu ilikuwa moja tu kati yao.

Sababu, kuanzia iliyozoeleka zaidi:

Ya kwanza ni ukaguzi wa afya usiotosha. Ukiiambia HAProxy ikague tu kama poti 5432 imefunguka, replika nayo itafaulu, maana poti yake iko wazi na ni nzima kabisa. Swali sahihi haliulizi kama seva iko hai, linauliza kama seva ni kuu. Patroni hulijibu kwenye poti 8008: njia ya `/primary` hurudisha 200 kwa mwenye kufuli ya uongozi na 503 kwa wengine.

```
listen kuandika
    bind *:5000
    mode tcp
    option httpchk OPTIONS /primary
    http-check expect status 200
    default-server inter 3s fall 3 rise 2 on-marked-down shutdown-sessions
    server db1 10.0.0.11:5432 check port 8008
    server db2 10.0.0.12:5432 check port 8008
    server db3 10.0.0.13:5432 check port 8008
```

Kwa poti ya kusoma weka `/replica` badala ya `/primary`. Maneno ya `on-marked-down shutdown-sessions` usiyaruke, nitayarudia chini.

Ya pili ni poti kuchanganywa kwenye faili la mipangilio ya programu. Mtu amenakili anwani ya ripoti, 5001, akaibandika kwenye huduma inayoandika. Angalia kilichopakiwa kweli na programu inayoendesha sasa hivi, si kilichoandikwa kwenye faili tu, kwa sababu faili linaweza kuwa limerekebishwa na programu haijawashwa upya.

Ya tatu ni jina la DNS. Kama programu inafika seva kuu kwa jina badala ya kupitia proksi, uongozi ukihama jina linaweza kubaki kwenye kache likielekeza kwa kiongozi wa zamani. Huyo akirudi kama replika atapokea muunganisho vizuri, kisha atakataa maandishi.

Ya nne hutokea mara chache: mtu ameweka `default_transaction_read_only` kwenye mtumiaji au hifadhidata. Endesha `SHOW default_transaction_read_only;` ukiwa umeingia kwa mtumiaji yuleyule wa programu.

Usipotumia proksi kabisa, maktaba ya libpq, ambayo programu nyingi huitumia kuunganishwa na PostgreSQL, inaweza kumtafuta kiongozi yenyewe tangu PostgreSQL 10: `host=db1,db2,db3 target_session_attrs=read-write`. Kwa mifumo midogo mimi huipenda njia hii, kwa kuwa inapunguza kitu kimoja cha kuharibika.

Dalili: "sorry, too many clients already", au programu inasubiri muda mrefu kupata muunganisho

Anza na hesabu kabla ya amri. PostgreSQL huja na `max_connections` ya 100, na 3 kati ya hizo zimetengwa kwa msimamizi mkuu. Zinabaki 97. Chukua huduma moja ya Java yenye HikariCP, maktaba ya hodhi ya miunganisho, ambayo kwa kawaida hufungua hadi miunganisho 10 kwa kila nakala. Nakala 9 ni 90, mambo shwari. Siku wateja wanapoongezeka mnafikisha nakala 12, tayari ni 120. Hakuna aliyekosea amri wala kuandika msimbo mbovu, ila mfumo unaanguka siku ileile uliyoongeza nguvu.

Hesabu ikikubali lakini kosa likabaki, tazama miunganisho inafanya nini:

```
SELECT state, count(*) FROM pg_stat_activity GROUP BY state;
```

Ukiona `idle` nyingi, programu zimeshika miunganisho bila kuitumia, na dawa yake ni kuipitisha kwenye PgBouncer. Ukiona `idle in transaction` nyingi, kuna msimbo unaofungua muamala kisha unaenda kufanya kazi nyingine, mara nyingi kusubiri jibu la huduma ya nje, huku muamala uko wazi. Hiyo ni hatari zaidi, kwa sababu inashika kufuli na inazuia usafishaji wa safu zilizokufa, yaani matoleo ya zamani ya data yasiyohitajika tena. Weka `idle_in_transaction_session_timeout`, ambayo kwa kawaida ni 0, yaani imezimwa, kisha umtafute mwandishi wa msimbo huo mzungumze.

Ukiona `active` nyingi, shida si idadi ya miunganisho. Maswali yenyewe ni ya polepole, na kuongeza nafasi kutaizidishia seva mzigo.

Kama tayari una PgBouncer, ingia kwenye hifadhidata yake ya utawala iitwayo `pgbouncer` uendeshe `SHOW POOLS;`. Safuwima ya `cl_waiting` ni wateja walio foleni, na `maxwait` ni sekunde ambazo aliye mbele ya foleni amesubiri. `cl_waiting` ikipanda huku `sv_idle` ikiwa 0, hodhi ni ndogo au maswali yanakaa sana. Ukubwa wa hodhi, `default_pool_size`, huanza na 20. Kosa la "no more connections allowed (max_client_conn)" ni la PgBouncer yenyewe, na ukiliona ujue PostgreSQL haijaguswa hata kidogo.

Onyo: usipandishe `max_connections` hadi maelfu ili kuzima kelele. Kila muunganisho ni mchakato kamili kwenye mfumo endeshi na una kumbukumbu yake. Tena, replika inatakiwa iwe na `max_connections` isiyopungua ya seva kuu. Ukianza kuipandisha kwa mkono kwenye seva kuu bila kupitia Patroni, replika zako zinaweza kusimama.

Dalili: miunganisho inakatika kila baada ya muda uleule, au programu inaganda baada ya uongozi kuhama

Hizi ni dalili mbili, ila nazitibu pamoja kwa sababu watu huzichanganya.

Muunganisho ukikatika kwa muda unaojirudia, tuseme kila baada ya sekunde 50 au dakika 30 za ukimya, huyo si mdudu wa bahati nasibu. Kuna kikomo cha muda mahali fulani njiani. Tafuta kwanza `timeout client` na `timeout server` kwenye HAProxy, kisha ngome ya mtandao kati ya programu na hifadhidata, kwa sababu ngome nyingi hufuta miunganisho iliyokaa kimya bila kumwarifu yeyote. Linux kwa kawaida hungoja sekunde 7200, yaani saa 2, kabla ya kutuma kipimo cha kwanza cha uhai kwenye muunganisho uliokaa kimya, na ngome nyingi haziwezi kuvumilia hivyo. Shusha `tcp_keepalives_idle` hadi sekunde 60 hivi, na washa `option clitcpka` na `option srvtcpka` kwenye HAProxy.

Kuganda baada ya uongozi kuhama kuna sababu nyingine. PostgreSQL ikizimwa kistaarabu huaga: hufunga miunganisho na programu hujua mara moja. Lakini seva ikikatwa umeme au kebo ikichomoka, hakuna anayeaga. Programu iliyotuma swali inabaki inasubiri jibu, na Linux inaweza kuendelea kurudia kutuma pakiti zilezile kwa takriban dakika 15 kabla ya kukata tamaa. Kwenye ubao wa ufuatiliaji utaona kiongozi mpya ameshika nafasi ndani ya nusu dakika, wakati wateja bado wanalia. Hapo ndipo `on-marked-down shutdown-sessions` inapofanya kazi: HAProxy ikimwona kiongozi wa zamani ameanguka, inakata miunganisho yake yote badala ya kuiacha ining'inie. Upande wa programu weka `tcp_user_timeout`, ambayo libpq inayo tangu toleo la 12, na uhakikishe msimbo unajaribu tena baada ya kukatwa. Programu isiyojua kujaribu tena haitapona hata klasta iwe nzuri namna gani.

Dalili: mtu amehifadhi kitu, akifungua ukurasa tena hakioni

Data haijapotea. Imeandikwa kwenye seva kuu, naye akasomewa kutoka replika ambayo bado haijafikiwa. Pima kutoka seva kuu:

```
SELECT application_name, state, sent_lsn, replay_lsn, replay_lag
FROM pg_stat_replication;
```

LSN ni namba ya mahali kwenye daftari la mabadiliko. `sent_lsn` ikiwa mbele sana ya `replay_lsn`, replika imepokea au inapokea mabadiliko ila haijayatekeleza. Watu wengi hupima upande wa replika kwa `now() - pg_last_xact_replay_timestamp()`. Kipimo hicho hudanganya usiku: kama hakuna anayeandika chochote, namba inapanda tu ingawa replika haiko nyuma hata kidogo.

Chanzo kinachojirudia mno ni kazi moja kubwa, kama kufuta mamilioni ya safu kwa amri moja au kujenga faharasa upya. Seva kuu huandika kwa michakato mingi kwa wakati mmoja, lakini replika hutekeleza mabadiliko kwa mchakato mmoja. Gawa kazi hizo vipande vidogo. Kinachofuata ni ripoti ndefu kwenye replika inayozuia utekelezaji, halafu diski ya replika iliyo dhaifu kuliko ya seva kuu, na mwisho mtandao.

Hata klasta yenye afya ina ucheleweshaji wa milisekunde, na mtu anayebofya "Hifadhi" kisha kuonyeshwa ukurasa papo hapo anaweza kuangukia humo. Kwa hiyo ukurasa unaofuata kuandika usomwe kutoka seva kuu. Huo ni uamuzi wa programu, hakuna proksi itakayokufanyia. Kwa usomaji mwingine, Patroni hukuruhusu kuweka mpaka kwenye ukaguzi wa afya, `/replica?lag=10MB`, na replika iliyobaki nyuma zaidi ya hapo inatolewa kwenye zamu yenyewe. Kigezo cha `synchronous_commit = remote_apply` pia hutibu dalili hii, lakini kila uandishi utasubiri replika, na ukiiweka bila kupima utahamia kwenye dalili ya waandishi kuganda iliyo hapo chini.

Dalili: "canceling statement due to conflict with recovery"

Ripoti ndefu kwenye replika imezuia mabadiliko kutekelezwa, na baada ya sekunde 30 za `max_standby_streaming_delay` replika imechagua kuiua ripoti. Tenga replika moja kwa ajili ya ripoti tu, uipandishie muda huo, na ukubali kwamba itabaki nyuma. Kuna wanaowasha `hot_standby_feedback`. Inasaidia, ila inafanya seva kuu isisafishe safu zilizokufa kwa sababu ya ripoti ya seva nyingine, na majedwali yanavimba.

Dalili: seva moja inahema, nyingine zimekaa tu

Mara nyingi utakuta replika moja iliwashwa upya wiki iliyopita, na tangu siku hiyo haipati kazi. HAProxy hugawa mzigo muunganisho unapofunguliwa tu. Ukishafunguka, unabaki hapohapo. Replika ilipozimika miunganisho yote ilikimbilia kwa mwenzake, na kwa kuwa hodhi zisizo na kikomo cha umri hazifungi miunganisho iliyo mizima, haikurudi. Weka umri wa juu wa muunganisho: HikariCP ina `maxLifetime` ya dakika 30 kwa kawaida, PgBouncer ina `server_lifetime` ya sekunde 3600. Hakiki kwamba hakuna aliyeviondoa. Kisha tumia `balance leastconn` badala ya zamu ya kawaida.

Hata hivyo, kama inayohema ni seva kuu, angalia kwanza kama programu inaitumia poti 5001 kweli. Nimeshakuta klasta zenye replika mbili za gharama ambazo hazijawahi kusomwa hata mara moja.

Dalili: "prepared statement … does not exist", ila si kila wakati

PgBouncer iko kwenye `pool_mode = transaction`. Swali limeandaliwa kwenye muunganisho mmoja, na muamala unaofuata umeazimwa mwingine usiolijua. Tangu PgBouncer 1.21 kuna `max_prepared_statements`. Iweke juu ya 0 na tatizo litaondoka kwa maktaba zinazotumia itifaki yenyewe, siyo kwa anayeandika `PREPARE` kama amri ya SQL. Kwa matoleo ya zamani zima maandalizi upande wa programu. Ukiwa humo humo, kumbuka kwamba `LISTEN`, kufuli za ushauri za kipindi kizima, majedwali ya muda na `SET` ya kawaida havikai salama kwenye hali hiyo. Huduma inayovihitaji ipewe hodhi yake ya `session`.

Dalili: nenosiri linakubalika moja kwa moja, linakataliwa kupitia proksi

Kwa PostgreSQL, aliyepiga hodi ni proksi, si programu, hivyo `pg_hba.conf`, faili linalosema nani aruhusiwe kuingia, lazima iiruhusu anwani ya proksi. Na ifanane kwenye seva zote tatu. Ikitofautiana, kosa litajitokeza siku uongozi ukihama. Kama `pg_hba.conf` iko sawa, tazama `userlist.txt`, faili la PgBouncer la watumiaji na manenosiri yao. Tangu PostgreSQL 14 manenosiri mapya hutunzwa kwa `scram-sha-256`, na faili la zamani lenye alama za `md5` halitalingana.

Dalili: diski ya seva kuu inajaa na majedwali hayajakua

Tazama saraka ya `pg_wal`. Humo ndimo linamokaa daftari la mabadiliko (WAL), na halifutwi mpaka kila anayelihitaji alisome.

```
SELECT slot_name, active,
  pg_size_pretty(pg_wal_lsn_diff(pg_current_wal_lsn(), restart_lsn))
FROM pg_replication_slots;
```

Sloti ni alama inayoiambia seva kuu nani bado hajalisoma daftari hilo. Sloti yenye `active = f` na gigabaiti nyingi ndiyo mhusika. Huenda ni ya replika iliyoondolewa bila kuaga, au ya chombo cha kunakili data ambacho mradi wake ulikufa. Uliza kwanza ni ya nani, ndipo uifute kwa `pg_drop_replication_slot`. Sloti zikiwa safi, angalia `pg_stat_archiver`: `failed_count` inayopanda inaonyesha kwamba utunzaji wa kumbukumbu za WAL umekwama. Kwa siku zijazo weka `max_slot_wal_keep_size`, iliyopo tangu toleo la 13, maana bila kuiweka haina mpaka.

ONYO: usifute faili za `pg_wal` kwa mkono, hata diski ikiwa imejaa kabisa. Hifadhidata inaweza isiwake tena. Kama huna nafasi ya kuongeza diski na sloti hazikuonyeshi mhusika, simama hapo, mwite mtaalamu wa hifadhidata.

Ukifuta sloti ya replika iliyo hai lakini iko nyuma, itaanza kulalamika "requested WAL segment … has already been removed", na italazimu ijengwe upya kwa `patronictl reinit`. Kabla ya amri yoyote inayofuta saraka ya data, andika `hostname`, soma jibu kwa sauti, na uwe na mtu wa pili anayetazama. Mnamo tarehe 31 Januari 2017, kwenye kampuni ya GitLab, mhandisi aliyekuwa akihangaika na replika iliyobaki nyuma alikusudia kufuta saraka ya seva ya pili, akaifuta ya seva kuu. Data ya takriban saa 6 ilipotea, na njia za kuihifadhi walizozitegemea zikakutwa hazifanyi kazi.

Dalili: waandishi wote wameganda, hakuna kosa, wasomaji wako salama

```
SELECT pid, wait_event, query FROM pg_stat_activity WHERE wait_event = 'SyncRep';
```

Safu zikijaa, umeweka unakili wa kusubiriana na replika inayosubiriwa haipo. Irudishe hiyo replika kama inawezekana. Kwenye Patroni, `synchronous_mode` ya kawaida huacha kusubiri pasipo na replika ya kumwamini, wakati `synchronous_mode_strict` huendelea kusubiri, na ndicho ulichokiomba ulipoiwasha. Usiwaghairi waandishi mmoja mmoja ukidhani umefuta kazi yao: muamala unaosubiri hapo tayari umekamilika kwenye seva kuu, ulichoghairi ni kusubiri tu. Mteja akirudia malipo kwa kuamini hayakupita, utakuwa na malipo mawili.

Dalili: uongozi unahamahama, au hakuna kiongozi kabisa

Anza na etcd, siyo PostgreSQL:

```
etcdctl endpoint health --cluster
etcdctl endpoint status --cluster -w table
```

etcd huamua kwa akidi, yaani zaidi ya nusu ya wanachama wake wakubaliane. Wanachama 3 huvumilia kupotea kwa 1, na 5 huvumilia 2. Wanachama 4 huvumilia 1 tu, sawa na 3, na wawili hawavumilii hata mmoja. Akidi ikikosekana, Patroni haiwezi kuifanya upya kufuli, na kiongozi hujishusha mwenyewe awe wa kusomwa tu. Ni tabia ya makusudi, na ni salama.

Kama akidi ipo na uongozi bado unahama, tazama diski ya etcd. Wanachama wake husalimiana kila milisekunde 100 na huanza uchaguzi baada ya milisekunde 1000 za ukimya, na kila badiliko lazima lithibitishwe kwenye diski. Ukiweka etcd kwenye diski moja na PostgreSQL, siku ya kupakia data nyingi diski inakaba na logi zinajaa "apply request took too long". Kisha kufuli, ambayo `ttl` yake, yaani muda wa kuishi, kwa kawaida ni sekunde 30, inaisha bila kufanywa upya. Itenganishe diski. Sababu nyingine ni mashine pepe inayogandishwa wakati wa kupigwa nakala. Kuongeza `ttl` kunapunguza kuhama, ila kunarefusha muda wa kubaki bila kiongozi ajali halisi ikitokea.

Ukitaka kutulia uchunguze, `patronictl pause` inazuia uhamishaji wa moja kwa moja. Andika mahali panapoonekana na kila mtu kwamba umeisimamisha, na saa uliyoisimamisha.

Dalili: seva mbili zinajibu `f`

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Ukiendesha kipimo cha kwanza na seva mbili zote zikajibu `f`, zote zinakubali maandishi na kila dakika zinaachana zaidi. Mara nyingi mtu amempandisha replika kwa mkono akiipita Patroni, au amewasha kiongozi wa zamani nje ya Patroni.

Fanya mambo machache tu. Zima uandishi kwenye HAProxy kwa kuweka seva zote za poti 5000 katika hali ya matengenezo. Huduma kusimama ni afadhali kuliko maagizo mapya kuendelea kugawanyika pande mbili. Kwenye kila seva chukua `SELECT timeline_id FROM pg_control_checkpoint();` (namba ya mkondo wa historia ya seva hiyo) na `SELECT pg_current_wal_lsn();`, uandike pamoja na saa. Tunza logi za Patroni, etcd na PostgreSQL za seva zote.

Halafu simama. Usiendeshe `pg_rewind` wala `reinit`. Zote mbili hurudisha klasta kwenye umoja kwa kutupa maandishi ya upande mmoja, na bado hujui upande huo una malipo ya nani. Mnamo Oktoba 2018 mtandao wa GitHub ulikatika kwa sekunde 43 tu, na klasta zao za MySQL zikabaki na maandishi upande mmoja ambayo upande wa pili hauna. Walichagua kulinda data kwanza, na huduma ilichukua saa 24 na dakika 11 kurudi sawa.

Mpigie mtaalamu wa hifadhidata ukiwa na vitu hivi mkononi: namba ya `timeline` na LSN ya kila seva, saa ya mwisho ambayo klasta ilikuwa na kiongozi mmoja, logi ulizotunza, na orodha ya programu zilizokuwa zikiandika wakati huo. Mpaka afike, seva zote mbili ziachwe kama zilivyo, na diski zake zisiguswe.